Diski ya TB 4 inayoonekana nusu

Swali: Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Umoja, Nairobi. Majuzi nilinunua diski ya TB 4, ile kubwa ya inchi 3.5, pale Luthuli Avenue. Fundi akanifungia ndani ya deskitopu iliyokuwa na SSD ya GB 256 pekee. Windows 10 inanipa GB 2048; nafasi iliyobaki inaonekana lakini haikubali kutumika. Je, nimeuziwa feki? Halafu kebo za stima za SATA zilikuwa zimeisha, fundi akaweka adapta ya kutoka Molex, ile plagi ya stima ya zamani yenye pini nne. Ni salama? Nimeshaweka picha za GB 600.

Jibu: Diski ni nzima, usijisumbue kurudi Luthuli. Kilichonituliza ni hiyo 2048 yenyewe. Mwanzoni mwa kila diski huwa na jedwali linaloiambia kompyuta nafasi imegawanywa vipi. Fundi wako aliianzisha kwa jedwali la MBR, la tangu PC DOS 2.0 ya mwaka 1983, wakati megabaiti kumi zilikuwa utajiri. MBR huhesabu vipande vya diski kwa biti 32, yaani vipande 4,294,967,296 basi. Kila kimoja kikiwa cha baiti 512, hesabu inafika GB 2048 na kugota hapo. Ni kama lifti yenye vitufe mpaka ghorofa ya saba katika jengo la ghorofa kumi na nne: nyumba za juu zipo, ila hufiki.

Unachohitaji ni jedwali la GPT. Utaambiwa na wengine kwamba kompyuta ya zamani isiyo na UEFI, yaani programu ya kisasa inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, haiwezi GPT. UEFI inahitajika tu ukitaka Windows iwake kutoka kwenye diski hiyo, na yako inawaka kutoka SSD.

Sasa sehemu ya kuogopa. Njia ya kawaida ya kubadilisha ndani ya Windows hufuta kila kitu, na SSD yako haina pa kuweka GB 600. Azima au nunua diski ya nje ya TB 1, nakili picha zote, kisha fungua chache kutoka kila folda uhakikishe zinafunguka. Usinakili siku ambayo stima inapotea-potea kama huna UPS.

Ukiridhika, zima na uchomoe hiyo diski ya nje kabisa. Nasema hivi kwa uchungu: miaka ya nyuma nilifuta diski ya mteja kwa kukosea tarakimu moja, huku nakala yake ikiwa imechomekwa pembeni. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika diskpart, kisha list disk. Yenye karibu GB 3726 ndiyo yako. Yenye GB 238 hivi ni SSD, usiiguse. Ikiwa kubwa ni namba 1, andika select disk 1, halafu clean, halafu convert gpt. Baada ya hapo ingia Disk Management, utengeneze sehemu moja na kuifomati kwa NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Usishangae kuona 3726 badala ya 4000: muuzaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1024.

Kuhusu adapta, hapo sijafurahi. Itazame upande wa SATA. Kama nyaya zimezamishwa ndani ya plastiki iliyomwagwa kama nta, itoe leo, hata kabla ya kunakili. Aina hiyo inajulikana kwa kushika moto, maana nyaya zinaweza kugusana ndani na huoni kitu. Ile ambayo nyaya zimebanwa kwenye kiunganishi chenye kifuniko cha kufunguka ni afadhali. Bora zaidi ni kigawanyi kinachotoka kwenye kebo ya SATA iliyopo: SSD na diski moja havitailemea.

Kabla ya kufungua, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili stima iliyobaki iishe, na ushike chuma cha kasha. Na diski ikae kwenye skrubu zake nne. Nimeona nyingi mno zikining'inia kwa kebo.