Rivolva ya milimita 9: kilichonifanya nisiiuze

Kila nikienda uwanja wa shabaha hapa Houston na Ruger LCR yangu ya milimita 9, bastola ndogo yenye silinda inayozunguka badala ya magazini, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini ninunue rivolva halafu niilishe risasi za bastola ya magazini. Namjibu kwanza kwa upande wa mfuko. Nyumbani tayari nina bastola ya magazini ya milimita 9. Risasi zake ni nafuu kuliko .38 Special, risasi ya kawaida ya rivolva ndogo, na boksi moja linahudumia silaha zote mbili. Ukifanya mazoezi kila wiki, tofauti hiyo utaiona mapema.

Lakini nilichokipenda hasa ni klipu. Risasi ya bastola ya magazini haina ukingo uliotokeza kitakoni, kwa hiyo kinyota kinachosukuma maganda hakina pa kuishika. Shida hiyo ni ya zamani. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, bastola za magazini za M1911 hazikutosha, ndipo Colt na Smith & Wesson wakatengeneza rivolva za kutumia risasi ileile ya .45. Dawa ikawa kipande chembamba cha chuma, umbo la nusu mwezi, kinachobana risasi tatu. Viwili vinajaza silinda. Baadaye zikaja klipu za mwezi mzima, zinazobana risasi zote, na utamu uko hapo: unafungua silinda, mtutu juu, unapiga fimbo ya kusukumia mara moja, maganda yote yanatoka yameshikana. Ganda la 9 ni fupi, halikwami njiani, wala huinami kuokota moja moja. Mwaka 1999 Jerry Miculek, mpiga shabaha maarufu wa Marekani, alipiga risasi 6, akajaza, akapiga 6 nyingine, yote kwa sekunde 2.99, na rivolva yake ilikuwa ya .45 yenye klipu hizo.

Sasa zitunze. Mwaka jana nilitia klipu mfukoni pamoja na funguo. Nilipofika risasi ya tatu silinda ikagoma kuzunguka, traiga ikawa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Klipu ilikuwa imepinda kidogo tu, kwa jicho huoni. Siku hizi kila klipu tupu nailaza juu ya kioo, ikicheza, naitupa. Zilizojazwa zinakaa kwenye kiboksi kigumu.

Jambo la pili ni la rivolva nyepesi. Mshtuko wa kila mlio unaweza kuzivuta kidogo kidogo vichwa vya risasi zilizobaki, mpaka kimoja kitokeze mbele ya silinda na kuifunga kabisa. Ukinunua aina mpya ya risasi, piga zote ubakize moja, itoe, ilinganishe na ambayo haijaingia kwenye rivolva. Ikiwa imerefuka, badilisha aina.

Na kifaa cha kuchomolea maganda kwenye klipu kinunue siku ileile unayonunua silaha. Kwa vidole utaumia kucha, na ukishika koleo ndipo utakapozipinda.