Saikolojia ya makuzi au ya maendeleo? Na ni rika gani linalopitia makala?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sasa ninasoma shahada ya uzamili katika elimu. Jarida nililolipelekea makala yangu ya Kiingereza linataka pia ikisiri ya Kiswahili. Nimeandika hivi: "Makala hii ya saikolojia ya maendeleo inachunguza jinsi msaada wa nyumbani unavyosababisha usomaji bora. Masomo sitini walipimwa mara mbili. Tofauti ilikuwa muhimu." Katika barua ya kuambatanisha nimeeleza kuwa nimelichagua jarida hilo kwa sababu makala zake hupitiwa na rika. Msimamizi wangu amekata "maendeleo" akaandika "makuzi", lakini mwanafunzi mwenzangu anashikilia kuwa neno sahihi ni "ukuaji". Nani yuko sahihi, na je, kuna kingine cha kurekebisha?

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa nashangaa kwamba kalamu yake iliishia kwenye neno hilo moja, kwa maana yapo mengine katika mistari hiyo michache yanayohitaji kurekebishwa zaidi kuliko hilo.

Tuanze na mzozo wenu. Maneno yote matatu, yaani ukuaji, makuzi na maendeleo, ni ya Kiswahili safi, na hakuna hata moja linaloweza kuitwa kosa likisimama peke yake. Tofauti hujitokeza tunapotazama kila neno huambatana na nini katika matumizi ya kila siku. Ukuaji husemwa juu ya uchumi, juu ya mahindi shambani, juu ya mji unaotanuka, na juu ya mwili wa mtoto anayepandishwa kwenye mizani kila mwezi ili uzito wake uandikwe kwenye kadi ya kliniki. Ni neno la kitu kinachoongezeka, na mara nyingi ongezeko lenyewe linaweza kupimwa kwa kilo, sentimita au asilimia. Kama utafiti wako ungehusu urefu na uzito wa watoto, ningekubaliana na mwenzako bila kusita.

Makuzi ni mapana zaidi. Wapo wanaofikiri kuwa neno hili limetokana na kitenzi kuza, kwa hiyo ni lazima liwe na mkuzaji. Dhana hiyo si ya lazima. Kitenzi kua kilikuwa na sauti l ambayo Kiswahili kiliidondosha baina ya irabu. Waganda wameihifadhi hadi leo na husema okukula. Sauti hiyo iliyopotea hurudi kwa umbo la z tunapounda nomino yenye kiishio i, na ndiyo maana chagua hutupa uchaguzi, pindua hutupa mapinduzi, lea hutupa malezi, na kua hutupa makuzi. Kwa umbo lake, basi, makuzi ni kukua kwenyewe. Hata hivyo, neno limeishi kwa muda mrefu jirani na malezi, katika msemo ule ule wa "malezi na makuzi", kiasi kwamba limeambukizwa maana ya jirani yake: msikilizaji akisikia makuzi ya mtoto huona mwili, akili, lugha, tabia na pia watu waliomzunguka mtoto huyo. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo imeviweka vitenzi vyote viwili katika sentensi moja.

Upana huo ndio unaolifaa tawi hili la saikolojia, na mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Charles Super alichapisha utafiti uliofanywa katika jamii ya Wakipsigisi huko Kokwet, Kenya. Kwa miaka mingi waandishi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakieleza kwamba watoto wachanga wa Kiafrika hutangulia wenzao katika kutumia viungo vya mwili, na baadhi yao walilichukulia jambo hilo kuwa ni la maumbile. Super aliona kwamba watoto wa Kokwet walitangulia katika kukaa, kusimama na kutembea, ambayo ni mambo wanayofundishwa kwa makusudi na kupewa nafasi ya kuyafanyia mazoezi, lakini hawakutangulia vivyo hivyo katika kutambaa, jambo ambalo halikufundishwa. Jaribu kulieleza tokeo hilo kwa neno ukuaji peke yake, utaona kuwa mkono wa mama anayemshikilia mtoto anaposimama dede umetoweka. Ukisema makuzi, mkono huo unabaki mahali pake.

Sasa maendeleo. Mwalimu kama wewe hujaza ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi kila muhula, na mzazi anapoifungua hutafuta alama za hisabati, hatafuti habari za namna mtoto anavyoanza kutambua hisia za wenzake. Nje ya shule, neno hilo limebeba barabara, visima, zahanati na mikutano ya hadhara. Kwa hiyo "saikolojia ya maendeleo" humpeleka msomaji, angalau kwa nukta moja, kwenye saikolojia ya kujiletea maendeleo, na nukta hiyo moja katika ikisiri ya maneno mia mbili ni hasara. Sisemi kwamba neno lifukuzwe katika mambo ya watoto. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na katika jina hilo refu maendeleo yamekaa vizuri kabisa, kwa sababu yametanguliwa na malezi na makuzi, kisha yakafungwa kwa maneno "ya awali ya mtoto", hata hakuna atakayedhani ni maendeleo ya lami. Vilevile unaweza kuandika maendeleo ya lugha ya mtoto unapofuatilia hatua kwa hatua. Lakini jina la taaluma linatakiwa lieleweke bila kuegemezwa, na kwa kazi hiyo saikolojia ya makuzi ndiyo inayotosha. Taaluma ya jirani iite saikolojia ya elimu. "Saikolojia ya kielimu" inasikika kana kwamba saikolojia yenyewe imesoma.

Nakuja kwenye "masomo sitini walipimwa". Hapa sarufi yenyewe imekupigia kengele: masomo "yalipimwa", hayawezi kuwa "walipimwa", na ulipoandika wa- ulikuwa tayari unajua moyoni kuwa unazungumzia watu. Neno hilo limetoka katika kamusi au programu ya kutafsiri, mahali ambapo neno moja la Kiingereza, subject, lina maana ya somo la darasani na pia ya mtu anayefanyiwa utafiti. Kwa Kiswahili tunao watafitiwa na washiriki, na uchaguzi kati ya mawili hayo si wa urembo. Mtafitiwa ana kiambishi cha kutendwa: utafiti unafanywa juu yake. Mshiriki ana sehemu katika jambo. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi hufuatwa na majarida mengi ya fani hii, kilishauri katika toleo la 4 la mwongozo huo, mwaka 1994, kwamba watu waitwe washiriki, ingawa matoleo ya baadaye yalilegeza kamba. Kwa upande wangu ningependekeza njia rahisi zaidi: kama ni watoto, andika watoto. "Watoto sitini wa darasa la kwanza na la pili" inamweleza msomaji mengi kuliko washiriki sitini. Neno mshiriki litumie pale ambapo wazazi, walimu na watoto wote wamehojiwa na unahitaji jina la kuwakusanya. Wala usiwaite watahiniwa kwa sababu tu walipewa jaribio, maana mtahiniwa hufaulu au hufeli, na sidhani kama ndilo lengo lako. Usisahau pia kutaja ridhaa: wazazi hutoa ridhaa, na mtoto naye huulizwa kama anakubali. Kwa hilo la mtoto sioni haja ya kuunda istilahi mpya, kwa kuwa "watoto wenyewe walikubali" ni Kiswahili kamili.

Kuhusu rika nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili limeenea na katika taaluma yako linaleta madhara kuliko kwingine kote. Rika ni watu wa umri mmoja, waliozaliwa au waliotiwa jandoni wakati mmoja. Watu wa pwani husema pia hirimu. Saikolojia ya makuzi inalihitaji neno hilo kwa maana hiyo hiyo: tunasema makundi rika, shinikizo la rika, na kampeni za UKIMWI zimetuzoesha waelimishaji rika, yaani vijana wanaofundisha vijana wenzao. Niliwahi kuhariri rasimu ya makala kuhusu wanafunzi wa sekondari ambamo ukurasa mmoja ulisema kuwa uvutaji wa sigara huchochewa na rika, na ukurasa wa pili ukasema kwamba dodoso lilipitiwa na rika kabla ya kutumika. Nilimwandikia mwandishi kumuuliza kama vijana wale wale wavutaji ndio waliolipitia dodoso. Alinijibu kwa mshangao kwamba, la, ni wahadhiri wawili.

Mhakiki wa makala yako, yaani mtaalamu anayeisoma na kuipima kabla haijachapishwa, anaweza kuwa profesa mwenye umri wa babu yako. Kinachowaunganisha nyinyi wawili ni taaluma, umri haumo. Kiswahili kina neno linalobeba uhusiano huo, nalo ni mwenza, kama katika mwandishi mwenza na mgombea mwenza. Andika basi uhakiki wa wanataaluma wenza, na baada ya kuutaja mara ya kwanza unaweza kufupisha ukasema uhakiki tu, kisha wahusika ukawaita wahakiki. Mapitio napendelea kuyaacha kwa ajili ya mapitio ya maandishi yaliyotangulia, ambayo tayari ni sura inayojulikana katika tasnifu zetu. Na ikiwa jarida huficha majina ya mwandishi na ya mhakiki, sema uhakiki usiotaja majina kwa pande zote mbili. Nimekwisha kuona "upofu maradufu" katika tangazo la kuitisha makala kuhusu elimu jumuishi, na niliwahurumia wasomaji wasioona waliokutana na maneno hayo.

"Tofauti ilikuwa muhimu" nayo inadanganya, japo bila kukusudia. Muhimu kwa nani? Mzazi atakayesoma atadhani kuwa msaada wa nyumbani umebadilisha mambo kwa kiasi kikubwa, ilhali unachotaka kusema ni kwamba tofauti ya ukubwa huo au zaidi ingetokea kwa nadra kama hali halisi ingekuwa kwamba makundi unayoyalinganisha hayatofautiani. Mwanatakwimu Ronald Fisher alikipa umaarufu kiwango cha 0.05 cha kupimia unadra huo, yaani mara moja kati ya ishirini, katika kitabu chake cha mwaka 1925, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakiuchanganya unadra na umuhimu, hata Chama cha Takwimu cha Marekani kikalazimika kutoa tamko mwaka 2016 kukumbusha kwamba kipimo hicho hakisemi tofauti ni kubwa kiasi gani wala ina umuhimu gani. Waandishi wa Kiingereza wamefungwa na neno la zamani, significant, sisi hatujafungwa. Sema tofauti yenye mashiko ya kitakwimu, kwa kuwa tumeshazoea hoja yenye mashiko, kisha taja ukubwa wa tofauti yenyewe kwa tarakimu.

Kitenzi "unavyosababisha" nacho kinadai zaidi ya ulichofanya. Ikiwa uliwapima watoto na kuwauliza wazazi, bila kuwagawa katika makundi kwa bahati nasibu, umeonyesha kuwa mambo mawili yanahusiana. Viambishi vyetu vinakusaidia hapa: -ana ya kuhusiana haisemi nani alianza, ilhali -isha ya kusababisha inamtaja mtendaji na kumtwika jukumu.

Jina la jarida usilitafsiri. Child Development, lililoanza mwaka 1930, libaki Child Development hata ndani ya sentensi ya Kiswahili, la sivyo mtu akilitafuta hatalipata. Na makala huchapishwa. Ukisema imechapwa, wapo watakaoipa pole.

Ikisiri yako ningeiandika hivi: "Makala hii, iliyo katika uwanja wa saikolojia ya makuzi, inachunguza namna msaada ambao watoto huupata nyumbani unavyohusiana na umahiri wao wa kusoma. Watoto sitini wa darasa la kwanza na la pili walipimwa mara mbili, kwa ridhaa ya wazazi na kwa kukubali kwao wenyewe. Tofauti baina ya makundi ilikuwa na mashiko ya kitakwimu." Mara baada ya hapo weka tarakimu zako.

Utaona nimekuachia "makala hii". Wengi, hasa Kenya, huandika "makala haya", na mhariri wako akikubadilishia usigombane naye, mradi asikuachie hii katika aya ya kwanza na haya katika aya ya pili.