Mizani imepanda na mazoezi ndiyo kwanza nimeanza

Nimeanza jimu Jumatatu: skwati na kunyanyua vyuma. Ijumaa mizani imeniongezea kilo 1.8, na chakula sijaongeza hata punje. Inawezekana nimenenepa kwa siku nne? (Msomaji, Morogoro)

Hesabu yenyewe inakataa. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani kalori 7,700, kwa hiyo kilo 1.8 zingedai karibu kalori 13,900 za ziada. Hizo ni kama chapati hamsini za mafuta, juu ya milo yako yote ya kawaida. Ungekumbuka.

Kilichoongezeka ni maji, na yameingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni misuli. Skwati zimeichanachana kidogo kidogo, nayo huvuta maji wakati inajitengeneza. Ndiyo maana siku ya pili na ya tatu kushuka ngazi huwa adhabu. Wa pili ni akiba ya wanga, yaani glaikojeni. Misuli inayofanyishwa kazi hujifunza kuweka akiba kubwa zaidi, na kila gramu moja ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukiongeza akiba kwa gramu 200 tu, mizani inasoma gramu 800. Mlango wa tatu ni damu: katika siku za mwanzo figo hubakiza chumvi na maji ili sehemu ya majimaji ya damu iongezeke. Hilo ni jambo jema, kwa sababu moyo unasukuma damu kwa wepesi, nawe unaanza kutoka jasho mapema.

Uvimbe wa misuli hupungua baada ya wiki mbili tatu, mwili ukishazoea. Akiba ya wanga na majimaji ya damu vitabaki maadamu unaendelea na mazoezi. Kwa hiyo usisubiri kilo zote 1.8 zirudi zilikotoka, na kosa kubwa kuliko yote ni kukata chakula wiki hii kwa hasira.

Napima asubuhi, mchana na usiku, napata namba tatu. Tofauti inafika kilo 2. Mizani yangu ni mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Huenda ni nzima. Mizani haichagui: inapima nyama, mafuta, maji, pilau ya jana na choo ambacho hakijatoka. Ukinywa nusu lita ya maji sasa hivi, umeongeza nusu kilo papo hapo. Mlo wa chumvi nyingi, kama dagaa wakavu au samaki wa ng'onda, unaweza kukubakizia maji hadi kesho yake.

Ipime hiyo mizani kwanza. Iweke juu ya sakafu ngumu, saruji au vigae, kamwe si juu ya zulia wala mkeka. Ya mshale, zungusha gurudumu dogo la pembeni hadi isome sifuri. Kisha panda, soma, shuka. Panda tena ukiwa umeshika pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Rudia mara tatu. Kama kila mara inaongeza 2 au karibu sana, mizani haina kosa. Ikisoma 1.4 mara moja na 2.7 mara nyingine, badilisha betri au nunua nyingine.

Baada ya hapo pima mara moja tu kwa siku: asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo ileile nyepesi. Ile ya njiani unayopanda na viatu, simu na funguo mfukoni ni ya kujifurahisha.

Basi nitajuaje kama napungua? (Msomaji, Arusha)

Linganisha wiki na wiki. Jumlisha namba za siku saba, gawa kwa saba. Chukua mfano huu. Wiki ya kwanza: 78.4, 79.1, 78.9, 79.6, 78.8, 78.3, 78.5. Wastani ni 78.8. Wiki ya pili: 79.0, 78.6, 78.2, 78.9, 78.4, 78.0, 78.3. Wastani ni 78.5. Anayetazama Jumatatu kwa Jumatatu atalia kwamba ameongeza gramu 600, kumbe amepungua gramu 300.

Ongeza futi ya fundi cherehani. Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi taratibu bila kuvuta tumbo ndani.

Kila mwezi kabla ya hedhi napanda kilo moja na zaidi. (Msomaji, Nakuru)

Ni maji ya homoni, huondoka siku chache baada ya kuanza damu. Linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Jirani yangu anakimbia amejifunga nailoni tumboni, anapunguza kilo nzima kwa saa. Nami nijifunge? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usijifunge. Kilo hiyo ni lita moja ya jasho, na itarudi akishakunywa maji. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi; nailoni inalizuia, joto linapanda ndani, na kwa hali ya hewa ya Dar mtu anaweza kuanguka barabarani.

Wiki ya nane sasa, natembea nusu saa kila siku. Wastani haujashuka, kiuno kilekile. Bado ni maji? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, sasa ni jikoni. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa hutumia kama kalori 150. Soda moja ya mililita 300 hurudisha karibu zote. Ila mshukiwa wetu wa kwanza ni chupa ya mafuta: kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, na wengi humimina kwa macho. Kwa wiki mbili mimina kwa kijiko, andika vijiko vingapi vimeingia sufuriani, gawa kwa idadi ya walaji.

Misuli inauma, nameza diklofenaki kila siku. Na miguu imeanza kuvimba. (Msomaji, Mwanza)

Acha kujimezea. Dawa za kundi hilo hubakiza chumvi na maji na kuzielemea figo, hasa ukiwa umepungukiwa maji. Nenda kituo cha afya upimwe presha na mkojo, na utaje dozi uliyokuwa ukimeza. Usingoje kesho ukiona mkojo wa rangi ya strungi, mguu mmoja umevimba na kuuma, au pumzi inakatika ukilala chali.