Fundi wa Kompyuta Anajibu: "Nikihamia M1, studio yangu itakufa?"

Mwezi huu nimechukua barua tatu. Zimetoka miji mitatu, lakini hofu ni ile ile: prosesa (ile chipu inayoendesha kompyuta) ikibadilika, programu nilizozizoea zinaenda wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina studio ndogo Mbagala, narekodi kwaya na singeli. Natumia Mac mini ya 2014 yenye Intel na imechoka, kwaya ikifikisha traki ishirini inakwama. Nimepata mtu Kariakoo ana Mac mini ya M1, used ya Dubai, bei inaongeleka. Sasa rafiki yangu mwenye studio anasema nikiinunua programu zangu zote zitakataa kwa sababu si Intel tena. Nina plagini nyingi (vile viprogramu vya kuongeza sauti na vionjo ndani ya programu ya kurekodia), nyingine nilinunua 2012, nyingine sijui hata zilitoka wapi (utanisamehe). Mfumo wangu ni Mojave, sijausasisha kwa kuogopa. Nifanyeje?
Mwenye studio, Mbagala

JIBU: Kaka, rafiki yako kasema nusu ya ukweli. Hiyo nusu aliyoiacha ndiyo yenye hela yako.

Ni kweli prosesa za Intel na hizi chipu za Apple wenyewe, kama M1, hazisemi lugha moja. Programu iliyoandaliwa kwa Intel ni rundo la amri za Kiintel, na kuipa M1 kama ilivyo ni sawa na kumsomea Mzaramo hotuba ya Kijaluo. Atakutazama tu. Apple walilijua hilo, ndiyo maana M1 ilipotoka Novemba 2020 ilikuja na mkalimani wake, Rosetta 2. (Rosetta ndivyo Wazungu wanavyouita mji wa Rashid kule Misri, ambako mwaka 1799 liliokotwa lile jiwe lenye maandishi ya aina tatu lililosaidia kufumbua maandishi ya Mafarao. Jina walichagua vizuri.) Ukifungua programu ya Intel mara ya kwanza, ikoni itarukaruka pale chini kwa muda mpaka utie shaka. Usiizime, inatafsiriwa. Safari ya pili inafunguka kama kawaida.

Kwa hiyo "zote zitakataa" si kweli. Ila kwako wewe, zitakazokataa huenda zikakataa kwa sababu nyingine kabisa, ambayo haina uhusiano na M1. Umesema uko Mojave. Kati ya matoleo ya macOS, mfumo wa Mac, Mojave ndiyo ya mwisho kukubali programu za biti 32, yaani za mtindo wa zamani kabla ya biti 64. Iliyofuata, Catalina ya 2019, ilizifukuza zote, hata kwenye mashine za Intel. M1 haikubali mfumo wowote wa chini ya Big Sur, toleo lililofuata Catalina, na Rosetta 2 hatafsiri biti 32. Plagini za 2012 nyingi ni za enzi hizo. Shika kitufe cha Option, fungua menyu ya tufaha, ingia kwenye taarifa za mfumo, kisha orodha ya programu. Kuna safu inayosema kama programu ni ya biti 64, ndiyo au hapana. Plagini hazitajitokeza zote hapo, hizo utazifuata moja moja kwenye tovuti za waliozitengeneza. Zile usizojua zilikotoka, mimi na wewe tunajua jibu lake.

Zinazobaki, yaani za biti 64 za Intel, zina mtego wao. Programu nyingi za kurekodia zikifunguliwa kwa lugha ya Apple, plagini za Intel hata hazionekani kwenye orodha. Mtu analia zimefutika, kumbe zipo. Ndani ya chungu kimoja hazichanganywi lugha mbili. Chagua ikoni ya programu ya kurekodia, bonyeza Command na herufi I, weka tiki kwenye kisanduku cha kufungua kwa Rosetta, ifunge, ifungue upya. Zitarudi. Utapoteza kasi kidogo, lakini ukilinganisha na hiyo ya 2014 hutaona.

Kuna kitu kimoja Rosetta hakigusi: draiva (programu za kuwezesha kifaa kuongea na kompyuta) zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Kadi ya sauti ya USB isiyodai draiva itafanya kazi, chomeka tu. Ile inayodai draiva, au kile kidude cha USB cha leseni ambacho baadhi ya programu hazifunguki bila hicho, lazima mtengenezaji awe ametoa draiva mpya ya chipu za Apple. Hajatoa? Kimebaki pambo.

Sasa nikwambie linalonikera, kwa sababu niliwahi kulifanya mwenyewe. Mkalimani huwa hakai milele. Apple wamehama prosesa mara tatu: 1994 waliacha chipu za Motorola 68000 wakaenda kwenye prosesa za PowerPC, 2006 wakaenda Intel, 2020 wakaja kwenye chipu zao. Safari ya 2006 pia kulikuwa na Rosetta, ile ya kwanza, na ilikuwa inafanya kazi kimya kimya hivi kwamba watu walisahau ipo. Oktoba 2011 mteja wangu, mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, aliniachia iMac nimsafishie. Nikaona nimfanyie hisani: nikapakua mfumo mpya uliokuwa umetoka Julai, Lion, usiku kucha kwa modemu, nikamwekea. Asubuhi akakaa kupanga kadi za harusi za Jumamosi. Programu yake ya kupangia kurasa, ya tangu enzi za PowerPC, ikoni yake ilikuwa imepigwa alama ya duara lenye mstari, kama kibao cha usiegeshe. Akabonyeza, ikamjibu kwamba programu za PowerPC hazikubaliwi tena. Akanigeukia: "Fundi, umeifanya nini mashine yangu?"

Sikuwa na jibu. Lion ilikuja bila Rosetta, na mimi sikusoma. Nilikuwa na DVD ya mfumo wa nyuma, Snow Leopard, imekwaruzwa, ndani ya mfuko wa nailoni. Nikafuta diski, nikaanza upya, nikakumbuka wakati wa kusakinisha kuweka tiki kwa Rosetta maana hata humo haikuwa inaingia yenyewe, nikarudisha mafaili kutoka kwenye nakala. Kadi zilitoka Ijumaa saa tano usiku. Sikumtoza hata nauli.

Nakusimulia kwa sababu hadithi inajirudia. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba Rosetta 2 ataendelea mpaka macOS 27, na baada ya hapo atabaki kidogo tu kwa ajili ya michezo ya zamani. Plagini yako ya Intel inayofunguka vizuri leo ina tarehe ya mwisho, na siku ukibonyeza kusasisha bila kuangalia, utapigwa na ile alama ya duara.

Hivyo basi, nunua M1. Ile ya 2014 usiiuze. Iache na Mojave yake kwenye kona, iondoe kwenye intaneti. Kisha fanya kazi ambayo hakuna anayeipenda: fungua kila wimbo wa kwaya ambao unaweza kurudiwa, toa kila traki kama faili la sauti la WAV, lenye kazi ya kila plagini ikiwa imeshapikwa ndani yake. WAV haijali prosesa. Mwalimu wa kwaya akirudi 2029 anataka solo ipandishwe, utakuwa nayo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Bosi alinunua laptop mpya nyembamba ya Windows 11, chaji inakaa siku nzima, imeandikwa Snapdragon. Programu ya hesabu inafunguka, inachelewa kidogo tu. Lakini printa ya risiti haikubali kabisa, na printa kubwa ya ofisini inasema draiva haifai. Duka walituambia ni Windows kamili. Tumetapeliwa?
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti. Hamjatapeliwa, ni Windows kamili, ila imekaa juu ya prosesa ya aina ya ARM (ndiyo hiyo Snapdragon), si Intel wala AMD. Ndani yake kuna mkalimani anaitwa Prism, ndiye anayefungua hiyo programu ya hesabu. Na kama nilivyomwambia mwenzako wa Mbagala, mkalimani wa programu hatafsiri draiva.

Nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza printa, tafuta draiva iliyoandikwa ARM64. Ukiona x64, ile ya Intel na AMD, siyo hiyo, hata kama namba inafanana. Nimeshaona watu wanaishusha mara nne. Ile printa kubwa, kama ina Wi-Fi au waya wa mtandao, iondoe kwenye USB na uiongeze kama printa ya mtandao. Windows ina draiva yake ya jumla inayozielewa printa nyingi za miaka ya karibuni. Utakosa vitu kama kuhesabu wino, lakini itachapa.

Ya risiti ndiyo ngumu. Isipopatikana ARM64, usipoteze siku kujaribu kuishea kutoka kompyuta ya zamani kupitia mtandao wa ofisi, kwa sababu mara nyingi hiyo laptop itadai tena draiva ile ile ambayo haipo. Iache kaunta kwenye kompyuta ya zamani, risiti zitoke huko, wewe chukua laptop ufungie hesabu za mwezi. Mwambie bosi kwamba safari ijayo, kabla ya kulipa, afungue mipangilio, mfumo, kuhusu, asome aina ya mfumo. Ikitajwa ARM, aulize printa kwanza.

SWALI: Anko fundi, nasoma uhandisi Dodoma. Programu yetu ya darasani ni ya Windows tu. Kuna MacBook Pro ya 2019 ya Intel, na kuna MacBook Air ya M1, bei zimekaribiana. Ipi itaniwekea Windows?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Mwanangu, ya Intel ina Boot Camp, zana ya Apple ya kusakinisha Windows pembeni ya macOS, kwa hiyo Windows 10 inaingia kabisa (Windows 11 haikubaliwi rasmi). Lakini macOS 26, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Intel, na katika MacBook Pro za 2019 iliyoruhusiwa ni ya inchi 16 tu. Ya M1 haina Boot Camp. Utalazimika kutumia programu kama Parallels, inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, uweke Windows 11 ya ARM (M1 nayo ni ARM) ndani ya macOS, halafu programu yako ya darasani itafsiriwe humo ndani. Kwa RAM ya GB 8 utakuwa unagawana ugali na watu wawili.

Kama shida ni Windows, nunua laptop ya Windows ya kawaida, ya Intel au AMD, yenye nafasi ya kuongeza RAM. Kwenye M1 RAM imefungwa kwenye kifurushi kimoja na chipu. Usije ukaniletea niiongeze, sitaweza.