Mliyotuuliza: Kipigo kituoni, unyapara gerezani

SWALI: Mdogo wangu alikamatwa Jumatatu. Leo Jumatano tumempelekea chakula, katoka anachechemea, nyayo zimevimba. Anasema ametia saini maelezo ili waache kumpiga. Kesho anafikishwa mahakamani. Tufanyeje? Dada mtu, Morogoro.

JIBU: Pole dada. Saa 24 za kumfikisha mahakamani zimeshapita, lakini msipoteze asubuhi ya kesho kwa hilo. Akisimama mbele ya hakimu, kabla shauri halijaahirishwa, aseme amepigwa, avue viatu aonyeshe, kisha aombe mambo mawili: iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, na apelekwe hospitali akiwa na PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa daktari. Fomu hiyo hutolewa na polisi, na hapo ndipo wengi hukwama, maana kituo kilichompiga hakina haraka ya kuitoa. Hakimu akiamuru, kisingizio kinaisha.

Daktari akiandika "maumivu ya mwili" tu, amewaangusha. Mwombeni aandike kila jeraha liko wapi, sentimita ngapi, rangi gani, na kama linaendana na anavyoeleza mgonjwa. Nyayo hupigwa kwa sababu hazisemi sana: ngozi ni nene, uvimbe hushuka siku chache tu, baada ya hapo anabaki na maumivu ya kutembea. Na kwenye ngozi nyeusi, damu iliyovilia huweza isionekane siku ya kwanza. Akipata dhamana, mpigeni picha siku hiyohiyo na tena baada ya siku mbili: moja ikionyesha uso, nyingine ya karibu ikiwa na rula pembeni, kwa mwanga wa dirishani.

Sasa hayo maelezo ya onyo, yaani yale aliyotia saini kituoni. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha aliyatoa kwa hiari, ila wakili ayapinge kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo. Yakishapokelewa kimya kimya, kulalamika baadaye ni kutwanga maji. Akipinga, inafunguliwa kesi ndani ya kesi, yaani mahakama inasikiliza kwanza kama aliyatoa kwa hiari, na hapo PF3 ndiyo inayoongea. Wakili aangalie pia saa iliyoandikwa juu ya karatasi. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. Kama yaliandikwa Jumanne bila muda kuongezwa kisheria, Mahakama ya Rufani imeshawahi kuyaondoa maelezo kwa kasoro hiyo peke yake.

SWALI: Mwanangu ni mahabusu. Nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake chumbani, anadai hela, la sivyo alale mlangoni mwa choo. Nitume? Mama, Tanga.

JIBU: Usitume, mama. Ukituma mara moja, anajulikana kuwa ana kwao, na bei inapanda. Unyapara unatokana na mlango kufungwa jioni: askari wachache wako nje, ndani watu wamebanana ubavu kwa ubavu, lazima awepo wa kusema nani alale wapi na wageuke saa ngapi. Anayegawa nafasi ndiye anayeiuza. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, ambazo ni kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, kanuni ya 40, zinakataza mfungwa kupewa kazi ya kuadhibu wenzake.

Mwombe mkuu wa gereza, wewe mwenyewe, ahamishiwe chumba kingine, na useme ni kwa sababu za kiafya. Jina la nyapara usilitaje kwenye dirisha la kuonana, kuna masikio. Akipigwa, alisemee mahakamani siku kesi inapotajwa, au uandikie Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kuingia magerezani.