Hesabu milimita kabla hujafunga spesa

Saa nne usiku nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, karibu na Tegeta, namulika tairi la mbele kushoto kwa tochi ya simu. Usukani ulikuwa umetetemeka tangu Mwenge, nami njia nzima nikajidanganya kwamba ni balansi tu. Nati mbili zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Stadi ya tatu, yaani bolti ya gari inayoshikwa na nati, ilikuwa imekatika. Rimu zile zilikuwa na siku tisa tangu zifungwe.

Gari lenyewe ni Toyota 86. Lilikuja na rimu zake za inchi 17, upana inchi 7, ofuseti +48, tairi 215/45. Ni gari zuri kila upande, lakini ukilitazama kwa nyuma unaona tairi zimezama ndani ya fenda kama macho ya mgonjwa. Hapo ndipo nilipopata wazimu. Nikaenda Ilala, nikakuta rimu za mtumba 17 kwa 9, ofuseti +45, hazina ufa, bei ya kuongeleka. Muuzaji akanitupia na spesa za milimita 15, visahani vya kuweka nyuma ya rimu ili itoke nje, kama nyongeza: "Hizi zitazikalisha nje vizuri, kaka." Nikafurahi kupata cha bure, sikuuliza hata swali moja.

Ningekaa na kalamu dakika tano, ningemrudishia spesa zake palepale. Ofuseti ni umbali kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kile kitovu cha gari rimu inapofungwa. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Ikiongezeka, inasogea ndani kuelekea shokapu. Sasa tazama: kutoka inchi 7 hadi 9 ni nyongeza ya milimita 50.8, na inagawanyika sawa, 25.4 nje na 25.4 ndani. Ofuseti kushuka kutoka 48 hadi 45 kunaisukuma rimu nje milimita 3 zaidi. Kwa hiyo ukingo wa nje ulikuwa umeshatoka milimita 28.4 kabla sijagusa spesa yoyote. Karibu sentimita tatu! Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nilipoweka zile 15 juu yake, ofuseti ikawa sawa na +30 na ukingo ukatoka zaidi ya sentimita nne. Kila tuta nikawa nasikia fenda inakwangua tairi.

Hilo la fenda ni aibu tu. Lililotaka kuniua ni stadi.

Spesa ya kuchomeka, isiyo na stadi zake yenyewe, inakula urefu wa stadi za gari. Nati iliyokuwa inaingia hadi mwisho inabaki imeshika ncha. Kipimo ninachokifuata siku hizi ni kwamba nati ishike nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi za 86 ni milimita 12, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1.25, kwa hiyo nati izunguke kama mara kumi kabla haijakaza. Kesho yake asubuhi nilizihesabu zangu: mara tano. Ukilazimika kutumia spesa nene, badilisha stadi uweke ndefu, au nunua zile zinazofungwa kwa nati kwenye habu na zina stadi zake. Hizo nazo zina sharti: stadi za gari zisichomoze kupita uso wa spesa, la sivyo rimu haitalala bapa, isipokuwa kama ina vishimo vya kuzipokea.

Halafu kuna tundu la katikati. Habu ya 86 ni milimita 56.1. Spesa zangu zilikuwa na tundu pana lisiloshika popote, na kwa unene wake zikaufunika mdomo wa habu, rimu ikabaki inategemea nati peke yake. Nyingi ya rimu za spoti zina tundu la 73.1, na pete ya kuziba hiyo nafasi ni kitu cha bei ndogo sana. Ukinunua spesa, tafuta ambayo tundu lake linaibana habu na ina mdomo wake wa kuishika rimu.

Hapa niwaonye wenye 86 wenzangu, maana nembo inadanganya. Gari hili liliundwa na Subaru, kiwanda cha Ota, Gunma, Japani, na miguu yake ni ya Subaru: 5x100 (stadi tano kwenye duara la milimita 100), habu 56.1, nati za 1.25. Toyota nyingi zinatumia nati za 1.5. Fundi aliyekuja kuniokoa Tegeta alifungua kopo lake akatoa "nati za Toyota", na ingekuwa si kuona zinagoma mzunguko wa pili, angetumia nguvu na kuharibu stadi zilizobaki. Vilevile rimu za Toyota zenye PCD (mpangilio wa matundu ya stadi) 5x100 huwa na tundu la katikati la 54.1. Muuzaji atakuapia zinaingia. Matundu ya stadi yatalingana, lakini habu haitapita.

Siku hizi napima kwanza. Nafunga uzi na nati nzito kama timazi ya muashi, nauning'iniza kwenye ukingo wa fenda, kisha napima kwa rula hadi ukingo wa rimu iliyopo. Ndani napima hadi shokapu. Nalinganisha na hesabu, naacha nafasi ya usukani kukata hadi mwisho na gari kubonyea. Jaribio la mwisho nalifanya na watu wawili wazito ndani ya gari, polepole juu ya tuta la mtaani, nikiwa nimezima redio.

Nimebaki na rimu zilezile, bila spesa, pamoja na pete na tairi 245/40 ambazo kimo chake kinazidi za mwanzo kwa milimita mbili na nusu tu. Nilifanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi. Nati nazikaza kwa mkono, kwa spana ya kupimia, 120 Nm, kwa mtindo wa nyota, na baada ya kilomita mia hivi nazirudia. Mashine ya upepo ya kukazia nati nimeikataza kugusa tairi zangu, na fundi wangu ameshazoea kununa. Usukani unafuata mifereji ya malori kuliko zamani, hasa nikitoka kuelekea Kibaha, na nimekubali kuishi na hilo.

Zile spesa ziko stoo. Wamekuja vijana wawili kuziulizia, na sijazitoa.