Shangazi, nikisali nasinzia

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa miaka 31, nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi mitano na bado ananyonya. Baba yao alikwenda machimboni mkoa wa Katavi nikiwa na mimba changa. Tangu hapo hatumi hela wala hapokei simu. Niko kwenye kikundi cha maombi, kila Ijumaa tunakesha. Wenzangu wanaomba saa nzima kwa sauti. Mimi dakika tano maneno yameniishia, nasinzia, au nawaza dagaa. Kiongozi wetu anasema ndiyo maana mume wangu harudi, imani yangu imelala. Ameniagiza nifunge siku saba kavu, bila chakula wala maji, na nipeleke sadaka ya mbegu ya shilingi laki moja. Mtaji wangu wote ni laki na ishirini. Nakosea wapi? Kusali kwenyewe kukoje?*

*Mama wa dagaa*

Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na lile lisiloweza kungoja: usifunge kavu. Siku saba bila tone la maji zinaweza kumuua mtu mzima mwenye afya, sembuse anayenyonyesha. Mtoto wa miezi mitano chakula chake chote ni titi lako. Watakutajia Esta. Ni kweli alifunga bila kula wala kunywa, lakini zilikuwa siku tatu, taifa zima likiwa limeshahukumiwa kufa, na hakuna mahali Biblia inapomwagiza mzazi anyonyeshaye afanye hivyo. Ukitaka kufunga, acha sukari kwenye chai kwa wiki, au zima simu jioni. Maji kunywa, ugali kula.

Na hiyo laki moja usiitoe. Toa sadaka kadiri moyo wako unavyokutuma, ila isiwe bei ya kumnunua mume. Kuna mtu alishajaribu kumpa Petro fedha ili apate uwezo wa Mungu, na jibu liko Matendo 8:20: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Mtaji wako ndio uji wa wanao.

Sasa tuje kwenye kusali. Unajiona una kasoro kwa sababu unajipima kwa saa na kwa sauti. Angalia maombi yaliyosikiwa yalikuwa marefu kiasi gani. Petro alipoanza kuzama ziwani alisema maneno mawili: Bwana, niokoe. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema saba: Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Hana alisogeza midomo tu, sauti haikusikika, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Waliopiga kelele tangu asubuhi hadi adhuhuri ni manabii wa Baali. Yesu mwenyewe alionya, Mathayo 6:7, tusipayuke-payuke kama watu wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno, na mara baada ya hapo akafundisha Baba Yetu, sala ya nusu dakika. Sisemi kuomba kwa sauti ni kosa. Wapo wanaofunguka moyo wakipaza sauti, na Zaburi zimejaa watu wanaolia. Nasema tu kwamba kipimo ulichopewa si cha Maandiko.

Unasinzia kwa sababu ya mwili. Saa kumi na moja alfajiri uko mwaloni unangoja vyombo vitoke ziwani, mchana kutwa uko juani kwenye chanja ya kuanikia dagaa, usiku mtoto anaamka mara mbili tatu. Mtu wa namna hiyo akipiga magoti saa sita za usiku, kichwa akakilaza kitandani, macho akayafumba, huo ni mkao wa kulala. Wanafunzi walisinzia Gethsemane, na Bwana alisema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Eliya alipochoka hadi kutamani kufa, malaika alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ya kwenda mlima Horebu ilikuja baadaye. Kwa hiyo badili saa na badili mkao. Sali umesimama au umekaa wima, macho wazi. Waliosali wamesimama kwenye Biblia ni wengi, soma Marko 11:25.

Saa gani, basi? Watakwambia alfajiri, kwa kuwa Yesu aliondoka alfajiri na mapema akaenda kuomba. Alfajiri yako wewe ina ndoo kichwani. Saa yako ni ile dagaa wakishatandazwa, kama saa tatu asubuhi, unapokaa kivulini kumnyonyesha mtoto. Pale mikono imefungwa, huwezi kufagia wala kuhesabu hela, na mtoto hunyonya dakika kumi, hata kumi na tano. Hiyo nafasi umeshapewa tayari.

Itumie hivi. Dakika ya kwanza na ya pili usiseme kitu. Vuta pumzi, tazama ziwa, jua tu kwamba uko mbele za Mungu. Kisha soma zaburi moja fupi kwa sauti ya chini, taratibu, mara mbili. Anza na ya 13. Ina mistari sita tu na inaanza na swali lako: Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Mungu ameacha malalamiko hayo ndani ya kitabu chake ili nawe uyatumie. Wengi maneno huwaishia kwa kuwa wanatafuta maneno mazuri wakati kilichomo moyoni ni hasira. Yaseme hayo ya hasira. Dakika tano hivi sema yako kwa Kiswahili cha nyumbani, au kwa Kiha kama ndicho kinachokuja chenyewe. Malizia na Baba Yetu, lakini usiikimbize.

Na hapo kwenye Baba Yetu nikukalishe kidogo. Simama kila ombi na ulijaze. "Utupe leo riziki yetu": taja leo kweli, jua liwake, gunia lipate mnunuzi. Riziki ya leo tu, ya kesho utaiomba kesho. "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu": wewe unalielewa neno deni kuliko wahubiri wengi, maana una daftari la waliochukua dagaa kwa mkopo. Kumsamehe mtu si kulichana daftari. Dai haki yako, ila acha kumwombea mabaya. Jina la baba watoto wako litakuja hapo. Lisipotoka siku ya kwanza, nyamaza sekunde kumi, endelea na ombi linalofuata, kesho ulijaribu tena.

Mawazo yatakimbilia kwenye chanja. Ukinyamaza, yale uliyoyafunika kwa kazi huibuka, ndivyo akili ilivyo, wala si shetani kila mara. Usipigane nayo. Wingu likikushtua, ligeuze liwe ombi: Bwana, unaliona lile wingu, na dagaa wangu wako nje. Likija jambo la kufanya, mfano kumlipa mwenye magunia, liandike kwenye karatasi, uliache hapo, urudi ulipoishia. Ukirudi mara ishirini, umesali mara ishirini. Halafu ukiinuka kuwageuza dagaa wakauke upande wa pili, gawa chanja kwa majina: fungu hili la mwanao mkubwa, lile la wa pili, la pembeni la jirani anayeumwa. Mkono unageuza, moyo unamtaja mtu mmoja tu hadi fungu liishe.

Mkesha usiuache, maana mtu hasali peke yake maisha yote. Nenda Ijumaa ya mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika na hakuna wa kukuwahisha mwaloni. Siku za giza lala. Kiongozi akikuuliza, mjibu kwa heshima kwamba unanyonyesha na unafanya kazi alfajiri. Akikutangaza mbele za watu kuwa huna imani, tafuta kikundi kingine au mwendee mchungaji wako.

Kuhusu mume wako. Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba. Haukuondolewa, akaambiwa, Neema yangu yakutosha. Hakuna aliyemwambia Paulo imani yake imelala. Mumeo ana miguu yake na hiari yake, na kutorudi kwake si alama za mtihani wa sala zako. Muombee. Lakini usiombe arudi tu, omba pia ujue ukweli, hata kama utauma, na upate nguvu za kuubeba. Wakati huohuo nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama unavyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambana mzazi atoe matunzo, awe nyumbani au machimboni. Kwenda huko si kumkosea Mungu imani. Uliyeomba riziki asubuhi ndiye huyohuyo unayepanga foleni mchana.

Jipe siku thelathini. Siku za mwanzo huenda usihisi lolote, na kutohisi si dalili kwamba hujasikiwa. Ukiruka siku mbili usizilipe kwa kukesha, endelea na ya leo. Kesho ukishatandaza, kaa kivulini, mweke mtoto titini, fungua Zaburi ya 13.

Shangazi